Mnara wa Maji wa Kuovinmäki

Greenbelt, Maryland
14 Septemba 2024

Kaka yangu Elkanah,

Pokea salamu nyingi, tena za moto, maana huku joto halijaambiwa kwamba Septemba imefika. Mimi mzima. Mpwa wako Audrey mzima pia, amerudi chuoni kule Shaw mjini Washington na anakaa hukohuko bwenini, anakuja nyumbani Jumapili mojamoja akiwa na njaa na gunia la nguo chafu. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, lakini ukitaja chapati anaelewa bila mkalimani. Shemeji yako Ezekiel hajambo, anasalimia. Siku hizi yuko kazi ya usiku Baltimore.

Najua utacheka kupata barua ya karatasi, kama vile tuko bado shule za bweni na Baba anatukagua mwandiko. Lakini nifanyeje? Simu yangu Mama anaishika kuliko mimi, anatazama picha za mazishi na arusi za nyumbani Vihiga kila jioni hadi usiku. Ujumbe wako wa sauti anausikiliza yeye kwanza. Na ukipiga, anaweka spika, hata jirani anasikia. Ninalotaka kukuuliza Mama asilisikie.

Elkanah, Mama ana nini? Tangu afike Agosti kutoka kwako, kila asubuhi nikishaenda kazini anavaa viatu, anachukua mkoba wake na chupa ya chai, anatoka. Anarudi jioni kukiwa kunaanza giza. Nilidhani anatembea tu kidogo, hadi wiki jana jirani yetu Vaileth, yule Mtanzania wa Mbeya niliyekuambia tunaimba naye kwaya, alipomleta mlangoni akiwa amemshika mkono. Alimkuta ng'ambo ya ziwa, ameketi kwenye gogo. Vaileth akaniambia kwa ile sauti yao ya upole, "Dada Edah, mama alikuwa hajui njia ya kurudi, samahani sana." Nikamuuliza Mama alikuwa akienda wapi. Akasema, "Natafuta mnara. Kwenu hapa hakuna mnara, mtu anajuaje yuko wapi?"

Mnara gani? Kwani huko kwako anaishi kwa mnara? Nyumba ninayo, kiyoyozi ninacho, televisheni ina chaneli za Kenya, na bado mwanamke wa miaka sabini na sita anashinda nje kama mtu aliyefukuzwa. Wewe wajua kazi yangu. Kule Wheaton nawalisha na kuwaosha wazee waliosahau majina ya watoto wao, na wengi walianza hivihivi, kwa kutoka nje bila kusema wanaenda wapi. Naogopa, kaka. Sitaki hata kuliandika hilo neno.

Niambie huko Kuovinmäki, Ufini, alikuwa akifanya nini mchana. Na uniambie Novemba atarudi tarehe gani ili niombe ruhusa nimsindikize uwanja wa ndege.

Dada yako,
Edah

---

Kuovinmäki
4 Oktoba 2024

Mdogo wangu Edah,

Barua yako nimeipata, ingawa ilichelewachelewa njiani. Nakushukuru kwa salamu, nami natuma zangu kwako, kwa Audrey na kwa shemeji. Mimi niko salama, bado naendesha basi, bado sijaoa, kwa hiyo Mama akianza hiyo habari mwambie hakuna jipya. Majani ya huku yamekwisha kuwa manjano na asubuhi kioo cha basi kina ganda la barafu.

Umeuliza mnara gani. Edah, huwezi kuelewa mnara bila kuelewa mtaa, kwa hiyo tulia kidogo nikueleze.

Kuovinmäki ilikuwa shamba la mtu mmoja na msitu wa misonobari. Miaka ya sitini watu wakawa wanamiminika mjini kutafuta kazi, hakuna pa kulala, basi ikaja kampuni ikanunua shamba lote na kupanda nyumba za ghorofa katikati ya miti. Hawakukata msitu wakajenga, walijenga ndani ya msitu. Ndiyo maana majengo yamekaa upande upande, kila dirisha lipate jua. Ardhi waliyochimba waliirundika ikawa kilima, nacho sasa ni kilima halali, watoto wanateleza juu yake kwenye theluji na hakuna anayekumbuka kwamba ni takataka za ujenzi. Halafu wakajenga duka la mtaa, wanaliita ostari: jengo refu la ghorofa moja lenye benki, posta, fundi viatu, kinyozi na baa. Benki ilihama, posta ilihama, fundi viatu alikufa. Baa haijahama.

Juu ya mwamba, mahali pa juu kabisa, ndipo mnara wa maji ulipo. Ni zege tupu, shina jembamba na kichwa kipana, kama uyoga. Ukiwa popote Kuovinmäki unauona. Mama alipofika kwangu hakujua neno hata moja la Kifini, basi nikamwambia, "Ukipotea inua macho, tafuta uyoga, nyumba yetu iko chini yake." Miaka saba hajapotea hata siku moja. Asubuhi alikuwa anakwenda kwenye kijishamba chake nyuma ya kanisa, halmashauri inawagawia wakazi, alipanda kunde na sukuma wiki hadi Wafini wakaja kumwomba mbegu. Mchana alikuwa nyumbani kwenye kochi lake dirishani, miguu juu, anautazama mnara na kuwasema majirani.

Kwa hiyo akili yake ni nzima. Mahali ndipo pageni. Mpe muda.

Habari ya Novemba tutaizungumza. Usimharakishe mzazi.

Kaka yako,
Elkanah

---

Greenbelt
21 Oktoba 2024

Kaka,

Natumai bado mzima na basi lako halijateleza. Huku tuko salama, baridi imebisha hodi. Audrey amepata alama nzuri na ameanza kusuka nywele za wenzake bwenini, anasema ni biashara. Ezekiel yupo, kazi tu.

Ile sehemu ya mnara nilimsomea Mama kama habari tu. Alifurahi hadi akapiga magoti yake kwa viganja. Lakini alikusahihisha, ati kinyozi hayuko ostari bali ng'ambo ya kituo cha basi, na ati hukutaja njia ya chini ya barabara iliyochorwa ndege. Akasema, "Hata hapa kwa Edah kuna njia za chini ya barabara, lakini ukitokea upande wa pili hakuna kitu cha kuinulia macho." Na ni kweli. Mji huu nao ulipangwa na watu wa serikali zamani, nyumba zimepinda kufuata miti, watoto wanapita chini ya barabara kwenda shule. Kuna sinema kuukuu na sanamu ya mama na mtoto pale uwanjani. Nimemwonyesha sanamu ili aishike kama alama. Akasema, "Hii ni fupi."

Sasa sikiliza mambo ninayoyaona na siyaelewi. Wewe unaniambia kwako alikuwa na kochi, anaweka miguu juu. Kwangu hajakalia kochi. Sebuleni anapita amejifunika leso kichwani, mbio, macho chini. Chakula anakula chumbani kwake kule chini. Mlango wa mbele hautumii kabisa, anatokea ule mdogo wa bustanini. Sanduku lake hajalifungua, kila nguo anaivuta kutoka sandukuni na kuirudisha baada ya kufua. Na anapika! Jioni nikirudi nakuta kuku, ugali na mrenda, na sahani moja kubwa imefunikwa mezani. "Hiyo ni ya mwenye nyumba," anasema. "Akitoka kulala ale kabla ya kwenda kazini." Asubuhi anaona sahani ni tupu anafurahi. Nami nimenenepa, usiniulize kwa nini.

Nimechanganyikiwa, Elkanah. Mtu asiyejua aliko hawezi kupika mrenda ule. Lakini mtu anayejua aliko hakai kwenye gogo kutwa nzima. Jana alirudi na matope hadi magotini. Nikamgombeza kama mtoto, halafu nikaenda bafuni nikalia.

Anachouliza kila siku ni kimoja tu: "Narudi lini kwa kijana wangu?" Nami nilipotafuta tiketi yake nimwonyeshe tarehe, nimekuta ni ya kuja tu. Ya kurudi iko wapi?

Mpigie picha mnara, uipige kutoka dirishani pale anapokaa. Labda ikikaa mbele yake atatulia.

Edah

---

Kuovinmäki
7 Novemba 2024

Edah mdogo wangu,

Salamu. Mimi mzima. Theluji ya kwanza imeanguka na ikayeyuka, imetuachia uchafu.

Picha hiyo hapo ndani, mpe Mama. Mnara uko palepale. Umewekwa kwenye orodha ya majengo ya kulindwa, hakuna ruhusa ya kuugusa, na nadhani ni haki, kwa sababu mtaa wenyewe unabadilika sana. Reli mpya inakuja hadi hapa, na reli ikija bei ya ardhi inapanda, na bei ikipanda majengo ya miaka ya sitini yanaanza kuitwa mazee. Ostari imekwisha bomolewa. Mahali pake wanaweka jengo refu la vioo lenye duka chini na watu juu. Ndege waliochorwa kwenye ile njia ya chini wamepakwa rangi ya kijivu. Wanasema ni maendeleo na huenda ni kweli, mabomba ya zamani yalikuwa yanavuja. Nakueleza haya kama historia tu.

Juu ya tiketi, mambo yalikuwa mengi wakati ule. Nilikuwa nafikiri, kwa kuwa huku baridi ni kali na kifua cha Mama ni kile unachokijua, si angekaa kwako hadi masika? Wewe una nyumba kubwa, tena ile yenye chumba cha chini chenye mlango wake. Ndivyo nilivyomshawishi aje, nilimwambia ni kama nyumba ya peke yake, si ndani kwa mkwe hasa. Unajua mwenyewe kwetu Maragoli jambo hilo lilivyo mwiko. Alikubali miezi mitatu tu.

Mbona shemeji haandiki hata mstari mmoja chini ya barua yako? Zamani alikuwa anaandika utani.

Elkanah

---

Greenbelt
26 Novemba 2024

Elkanah,

Salamu ni fupi leo kwa sababu nimekasirika, lakini Mungu akulinde hata hivyo.

Nilimpa Mama picha. Aliishika karibu na taa muda mrefu. Kisha akasema, "Hii hakuipigia dirishani." Nikamwambia Mama, mnara ni mnara. Akasema, "Edah, ukiwa dirishani unaona ngazi ya chuma inayopanda mgongoni mwa mnara. Hapa hakuna ngazi. Kaka yako amesimama barabarani, upande wa kituo cha basi. Kwa nini asimame kwenye baridi wakati ana dirisha?" Nikatazama bahasha yako vizuri kwa mara ya kwanza. Juu ya barua umeandika Kuovinmäki, lakini muhuri wa posta ni wa Lahti, mji mwingine kabisa. Nikaitafuta ya kwanza kwenye pipa la magazeti, nayo ni Lahti. Uko wapi wewe? Unaishi wapi? Mimi nakuuliza tiketi, unanijibu historia ya mabomba!

Na sikuandikii kwa utulivu, maana Ijumaa Mama alipatikana kituo cha Metro. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, huku mtu hawezi kuketi ziwani, basi akatembea hadi kule chini ya paa na akaketi kwenye benchi kutwa nzima. Mfanyakazi wa kituo alipomwona hapandi treni wala haendi, alitafuta namba yangu mkobani. Nilimkuta midomo imekuwa ya buluu. Nikamwambia, "Mama, nyumba yenye joto unayo, ufunguo unao, kwa nini?" Akanijibu, "Wewe huelewi mambo ya nyumba." Sasa anakohoa usiku kucha na kikohozi chenyewe anakiziba kwa mto, ati asimwamshe mtu. Nani? Tuko sisi wawili!

Nimeamua. Nimenunua vitasa viwili vya namba, kama vile tulivyo navyo kazini upande wa wazee wanaotoroka. Kimoja nitakifunga mlango wa bustanini, cha pili wa mbele. Nikienda kazini atabaki ndani. Najua hilo ni jambo gani. Kila siku nabonyeza zile namba kule Wheaton na kuna mzee anayenishika aproni ananiuliza, "Binti, mlango hufungukaje?" Sasa nitamfanyia mama yangu mwenyewe. Nisipofanya, siku moja nitapigiwa simu nikatambue maiti.

Kama una la kuniambia, liseme sasa.

Edah

---

Lahti
12 Desemba 2024

Edah dada yangu,

Ona, nimeandika Lahti. Ndiko niliko.

Nyumba haipo. Waliibomoa mwisho wa Agosti, wiki ileile Mama aliyofika kwako. Notisi tulipewa zamani, ilibandikwa ngazini, na nilikuwa nafikiri nitapata nyingine mtaani hapohapo. Lakini mpya zote ni za vioo na watu wa mshahara wangu tunaambiwa tusubiri zamu. Nimepata chumba kwa Sebastian, Mkongo tunayeendesha naye basi. Nalala kwenye kitanda cha kukunja na Sebastian anapika pondu, kisamvu chao, vizuri, sina malalamiko juu yake. Siku ya kupiga picha nilipanda gari moshi hadi Kuovinmäki. Pale palipokuwa dirisha letu sasa ni hewa, Edah. Kuna shimo na uzio, hakuna hata pa kusimama. Ndiyo maana ngazi haionekani.

Ningemwambiaje? Mimi ndiye mwana wa kiume. Nyumba ya mama ni kwa mwanawe, tumelelewa hivyo, na mimi nimeipoteza hiyo nyumba, nikampandisha ndege kama mzigo wa kuwekewa. Naona aibu hadi nashindwa kula. Nilikuwa nasubiri zamu yangu ifike kabla Mama hajauliza sana.

Lakini nawe nikuulize, maana kuna kitu hakiniingii akilini. Jumapili iliyopita uliponipigia ili Mama aongee, ukaenda jikoni, Mama alizima spika akaninong'oneza. Alisema hivi: "Elkanah, kati ya wakwe wote wa Maragoli, hakuna mwenye adabu kama Ezekiel. Tangu nimefika hatujakutana uso kwa uso. Hajanipita hata kwenye ngazi. Viatu vyake viko mlangoni sawasawa, havijawahi kusogea nikavikuta vibaya. Nami namsaidia. Yeye akirudi asubuhi kulala, mimi nimeshatoka. Jioni narudi kupika, nashuka chumbani kwangu kabla hajaamka kwenda kazini."

Edah, miezi minne? Hata mtu wa adabu anakohoa. Hata mtu wa adabu anapoteza soksi. Shemeji yuko wapi?

Na tafadhali, kama barua hii itawahi, usifunge ule mlango. Mkwe akiwa ndani, utamfungia Mama naye, na kwetu mama hamwoni mkwe uso kwa uso.

Elkanah

---

Greenbelt
30 Desemba 2024

Kaka yangu mpendwa Elkanah,

Heri ya Krismasi iliyopita na ya mwaka unaokuja. Mama anasalimia, kifua chake kimepona. Audrey anasalimia. Vaileth anasema shikamoo ingawa hamjaonana. Ezekiel hakusalimii, kwa sababu sijui kama yupo Baltimore au wapi, tumeachana mwaka wa pili sasa. Nimeiandika.

Barua yako haikuwahi. Niliahirisha kwa woga, nikavifunga vitasa Jumatatu ya wiki ya Krismasi. Siku nzima kazini nilikuwa naangusha vitu. Nikawahi kurudi, nikafungua, nikaita, kimya. Jikoni hayupo, chumbani hayupo. Nilimkuta kwenye kile kichumba cha mashine ya kufulia, Elkanah. Ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa koti na viatu, mkoba mapajani, leso imefunika kichwa chote, ameelekeza uso ukutani. Ameketi hivyo tangu nilipoondoka. Kumbe alijaribu milango yote miwili, akaona haifunguki, akatafuta mahali ambapo mkwe akiamka hatamkuta. Akaninong'oneza bila kugeuka, "Ameshaamka?"

Nilipiga magoti kwenye ile sakafu. Nikamwambia, "Mama, hakuna mtu juu." Akasema, "Nyamaza, atasikia." Nikamwambia tena hakuna mtu, hakuna mtu tangu mwaka jana, viatu nilivitoa stoo nikaviweka mlangoni ili usijue, sahani zako nilikuwa nakula mimi, ndiyo maana sketi hazifungi. Nilitaka uone binti yako bado ameolewa. Nikadhani miezi mitatu itapita upesi.

Hakunipiga, hakupiga kelele. Alifunua leso. Akanitazama muda mrefu hadi nikatamani anipige. Kisha akasema, "Kwa hiyo ziwani, kwenye baridi yote ile, nilikuwa namkimbia nani?"

Nikamjibu, "Viatu, Mama."

"Na ulidhani nimerukwa na akili."

"Nilidhani hivyo. Mimi nilijua nyumba ni tupu, nikasahau wewe hujui."

"Mnara niliutafuta kwa sababu nilikuwa natembea mbali kupoteza muda. Mtu akitembea mbali hupotea. Ningekuwa nimeketi nyumbani ningepotelea wapi?"

Halafu ndipo alipolia, nami nikalia, kila mtu kwa lake nadhani. Alisema kilichomuuma si Ezekiel kuondoka. Kilichomuuma ni kwamba nililala peke yangu mwaka na kitu na sikumwita. Mimi kutwa nawafuta machozi mama za wenyewe, na wangu nilimficha. Sina cha kujitetea.

Tulipotulia alijifuta uso, akapanda sebuleni kwa miguu yake polepole, amekunjua mabega. Akalizunguka kochi. Akauliza, "Hili nani alilinunua?" Nikamwambia mimi. "Na nyumba?" Nikamwambia mimi, kwa jina langu peke yangu. Akaketi. Akainua mguu mmoja, akainua na wa pili, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu Agosti. Akaniagiza chai.

Siku ya pili barua yako ikafika. Ningekufichia siri lakini nimechoka kuficha, nikamsomea yote, pamoja na shimo na uzio. Alisikiliza hadi mwisho. Sikuona ashtuke sana, ile ngazi ilikuwa imemsumbua tangu siku ya picha. Aliuliza swali moja tu, "Hicho kitanda cha kukunja kina godoro?" Nikamwambia hukuandika. Akaipinda picha yako ya mnara akaisimamisha dirishani, nyuma ya chungu cha maua. Sanduku amelifungua. Nguo zimejaa kabati langu hadi zangu zimehamia chumbani kwa Audrey. Wakili wa kanisani anasema kwa kuwa mimi ni raia naweza kumwombea mama yangu karatasi za kukaa, na Vaileth amemtafutia kijishamba kwenye bustani ya mtaa, masika akapande kunde zake. Mbegu alikuja nazo, alizifunga kwenye soksi.

Vile viatu amevitoa mlangoni mwenyewe, amevishika kwa vidole viwili kama panya, akavitia kwenye mfuko wa msaada. Jana asubuhi alitoka kwa mlango wa mbele, akaenda hadi kwenye sanamu, akazungumza na watu, akarudi kula chakula cha mchana. Hakupotea.

Sasa ananisimamia hapa niandike neno lake kama lilivyo, nisipunguze. Anasema hivi: "Mwambie Elkanah aache aibu ya kijinga. Alisema nyumba ya mama ni kwa mwanawe wa kiume. Nyumba imebomolewa, haya, si yeye aliyeibomoa. Kwa mkwe nisingeweza kumwalika mtu. Lakini hapa si kwa mkwe. Mwambie mama yake ana nyumba. Aje Pasaka alale kwenye kitanda."

Nimemwuliza kama niongeze lolote. Amesema, "Aje na mke." Nami naongeza langu: kaka, ukifika usizunguke bustanini. Ingia kwa mlango wa mbele.

Dada yako,
Edah